Shotigani Nayo Hulengwa

"Nianze na silaha zipi?" Swali hili huletwa kwangu na wenye maduka, wafugaji, wastaafu waliohamia shambani, na siku hizi hata vijana waliopanga chumba kimoja. Kabla sijafungua mdomo, muulizaji huwa keshajijibu: atanunua shotigani, kwa kuwa shotigani hailengwi. Unaielekeza upande aliko mwizi, unafyatua, marisau yanatawanyika chumba kizima, hapo hata bibi kizee hakosi. Kauli hii nimeichoka, na uchovu wangu si wa bure, kwa sababu wanaolala chumba cha pili ndio watakaolipa gharama yake.

Chukua vipimo. Tundu la mtutu wa geji 12, iliyozoeleka kuliko nyingine zote, lina upana wa milimita 18.5 hivi. Risasi yake ya marisau makubwa, ile ya namba 00, kwa kawaida hubeba punje tisa zenye kipenyo cha milimita 8.4 kila moja. Punje hizo hutoka mdomoni zikiwa zimeshikamana, kisha huachana kidogo kidogo, kwa makadirio ya sentimita mbili na nusu kwa kila mita zinayosafiri. Sasa pima sebule yako. Kutoka mlango wa chumbani hadi mlango wa mbele ni mita nne, labda tano. Kwa umbali huo fungu zima halizidi sana upana wa kiganja. Ukikosea shabaha kwa futi moja, hukumkosa mtu kwa punje mbili tatu; umemkosa kwa zote tisa.

Na punje zilizokosa haziishii hewani. Zinatoka kwa mwendo wa takriban mita 400 kwa sekunde. Mlango wa plaiwudi hauzizuii, bati halizizuii, ukuta wa udongo na fito usiutegemee. Kwenye nyumba zetu za kupanga, ambako chumba na chumba vimetenganishwa na ubao au pazia, kila punje iliyompita mwizi inaelekea kitandani kwa mtu. Anayesema hakuna haja ya kulenga anasema, kwa maneno mengine, kwamba hajali punje zitakwenda wapi.

Imani yenyewe imetoka kwa wawindaji wa ndege, na huko ina ukweli wake. Anayempiga kanga anayeruka hutumia marisau madogo, mamia ndani ya risasi moja, na ndege yuko mita 25 au 30. Kwa umbali huo marisau yamefunguka kiasi cha kumfunika. Hata hivyo mwindaji huyo analenga, tena analenga mbele ya ndege, na amejifunza kwa miaka. Watu wakachukua habari za porini wakazihamishia koridoni, filamu zikaongezea mtu mzima kurushwa nyuma hadi dirishani, na leo naulizwa swali ambalo jibu lake linapatikana kwa kupiga kartoni moja kwenye uwanja wa shabaha.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakidai kwamba mtutu mfupi hutawanya zaidi. Kinachotawala mtawanyiko ni mbano mdogo ulio mdomoni mwa mtutu, usiozidi sana milimita moja. Urefu wa mtutu hauna uzito huo. Ukiufupisha mtutu unaongeza kelele na moto usoni, unapoteza shabaha, basi.

Wapo pia wanaonieleza kwamba kuikoki tu kunatosha, mwizi akisikia mlio anakimbia. Anaweza kukimbia. Anaweza pia kujua sasa umesimama wapi, naye akafyatua kwanza. Silaha isiyoshikwa na mtu aliyefundishwa isitolewe kabatini.

Halafu kuna sheria, ambayo wauliza maswali huikumbuka baada ya mtu kuanguka. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inakupa haki ya kujilinda wewe, mwenzako na mali yako, lakini kwa nguvu ya kadiri inayohitajika tu. Ukiua kwa nguvu iliyopitiliza, hilo ni kosa la kuua bila kukusudia. Mwizi anayekimbia na televisheni yako mgongoni si tishio tena kwa uhai wako.

Sasa uchaguzi, kwa haraka. Seti huhitaji. Silaha moja unayoijua inatosha, na fedha za silaha ya pili zinunue risasi za mazoezi. Mkazi wa mjini aanze na nondo za madirisha, taa ya nje, mbwa, majirani wa ulinzi shirikishi na namba 112 ya polisi. Bado unataka bunduki? Shotigani ya kusukuma au ya mitutu miwili. Mwenye mwili mdogo aiulizie geji 20, ambayo haimpigi bega sana. Bastola ni nyepesi kubeba na ngumu kuliko zote kulenga, mwanafunzi mpya aiache. Raifo ni ya shamba lenye nafasi, na lazima nyuma ya shabaha kuwe na kilima au tuta, kwani hata risasi ndogo ya .22 hufika zaidi ya kilomita moja na nusu. Tembo akiingia shambani usimpige kwa marisau, waite wahifadhi. SMG na jamaa zake ni za majeshi, usiniulize. Anayewaza siku nchi itakapochafuka aweke maji, dawa, nafaka na redio kabla ya risasi. Kabati la chuma lifungwe ukutani kwa bolti, risasi zikae kwingine, ufunguo usijulikane na watoto. Tochi ni lazima, maana aliye gizani huenda ni mwanao aliyechelewa kurudi. Kwa Tanzania maombi ya kumiliki silaha huanzia serikali ya mtaa au kijiji. Kwa Kenya, Bodi ya Leseni za Silaha.

Kabla ya kupeleka maombi hayo, mtafute mkufunzi anayetambuliwa, upige kartoni kwa mita tano, kisha upime tundu kwa rula. Ukishaliona, amua kama bado unaitaka.