Gari linapiga stata lakini haliwaki? Pima umeme kabla ya kununua pampu

Injini inazunguka vizuri, betri ina nguvu, mafuta yapo kwenye tenki, lakini gari haliwaki. Jibu linalotolewa haraka ni kwamba pampu ya mafuta imekufa. Mwenye gari anatafuta hela, pampu inaagizwa mjini, inaletwa kwa basi, inafungwa, na gari bado liko palepale. Hela imekwenda, na mgonjwa au mzigo wa kupeleka sokoni bado unasubiri.

Msikilizaji, pampu ya mafuta ni mota ya umeme. Umeme usipoifikia, hata iwe mpya haitavuta tone. Katika gari la zamani, fyuzi, rilei na waya vimechoka pamoja na gari lenyewe, kwa hiyo navyo vichunguzwe.

Tuchukue mfano wa Toyota Corolla za miaka ya 1990 zenye injini ya petroli ya EFI. Umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, kisha rilei kuu, kisha rilei ya pampu, halafu unafuata waya mrefu hadi nyuma kwenye tenki. Baada ya kuizungusha pampu, unarudi kupitia waya wa arthi uliofungwa kwenye bodi. Njia ikikatika popote, pampu inanyamaza.

Tahadhari kwanza

Mvuke wa petroli unawaka kwa cheche ndogo tu. Fanyia kazi mahali penye hewa, watoto wakae mbali, pasiwe na sigara wala jiko karibu. Usiguse waya wa pampu kwa waya wa betri ili uone cheche.

Hatua ya 1: Fyuzi

Fungua sanduku la fyuzi, tafuta iliyoandikwa EFI. Ikiwa imeungua, weka nyingine yenye namba ileile. Ikiungua tena, huenda kuna waya unaogusa bodi mahali fulani, utafutwe. Kufunga waya au karatasi ya sigara badala ya fyuzi ni kukaribisha moto.

Hatua ya 2: Sikiliza

Fungua mfuniko wa tenki, mtu mmoja aweke sikio karibu, mwingine apige stata. Pampu nzima hutoa mlio mwembamba kama nyuki. Magari mengi mengine huisukuma pampu kwa sekunde chache unapowasha swichi, lakini katika Corolla hizi pampu hupata umeme wakati wa kupiga stata na injini inapokuwa inazunguka. Kwa hiyo ukiwasha swichi na kusikia kimya, usihukumu bado.

Hatua ya 3: Kisanduku cha kupimia

Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo chenye neno "DIAGNOSIS" kwenye mfuniko. Ndani ya mfuniko kuna mchoro wa herufi. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha FP na +B kwa kipande cha waya, kisha washa swichi bila kupiga stata. Hakikisha ni matundu hayo mawili tu, maana kukosea kunaweza kuunguza kitu kingine.

Pampu ikilia sasa, na gari likiwaka ukipiga stata, pampu ni nzima. Mtuhumiwa ni rilei ya pampu au kinachoiamuru. Ikiwa gari lilifungwa alamu, kagua pia nyaya zake, kwa sababu alamu nyingi hukata umeme wa pampu. Pampu ikibaki kimya, pima kama +B ina umeme. Ikiwa haina, rudi kwenye fyuzi na rilei kuu. Ikiwa inao, nenda nyuma.

Hatua ya 4: Kwenye pampu yenyewe

Inua kiti cha nyuma, utaona kifuniko na soketi ya pampu. Ukiwa umeacha FP na +B zimeunganishwa, zima swichi, chomoa soketi, unganisha balbu ya indiketa ya wati 21 kwenye nyaya mbili za pampu, kisha washa swichi.

Balbu ikiwaka kwa mwanga mkali, umeme unafika na pampu ndiyo mbovu. Ikiwaka hafifu au isipowaka, hamisha upande wa arthi uguse chuma safi cha bodi. Ikiwaka vizuri hapo, waya wa arthi ndio una kutu: safisha na ukaze. Isipowaka bado, waya wa kutoka mbele umekatika.

Kwa nini balbu, si mita peke yake? Waya uliobaki na uzi mmoja unaweza kuonyesha volti 12 kwenye mita, lakini pampu ikianza kuvuta nguvu, volti zinaanguka. Balbu inavuta umeme kweli, hivyo inaufichua udhaifu huo.

Jambo la mwisho: pampu iliyo ndani ya tenki hupozwa na petroli yenyewe. Kutembea kila siku kwa lita moja au mbili kunaichosha mapema. Ukimwita fundi, mweleze ulichopima na ulichokiona. Na akikuambia pampu imekufa, mwombe akuonyeshe balbu ikiwaka kwenye nyaya zake kabla hujatoa hela.