Mfumo Mbadala wa Faragha Kwenye Simu ya Mkononi

Mfumo endeshi ndio programu mama ya simu. Ndio unaowasha skrini, unaogawa kumbukumbu, unaoamua ni programu ipi iruhusiwe kugusa kamera, kipaza sauti au orodha ya namba, na ndio unaoamua taarifa zipi zitoke nje ya simu bila mwenye simu kuulizwa. Simu nyingi zinazouzwa katika maduka ya Mwanga, Kigoma mjini, kama kwingineko Tanzania, hutumia Android. Msimbo wa msingi wa Android ni huria: tangu 2008 Google huutoa kwa leseni inayomruhusu yeyote kuuchukua, kuubadilisha na kuusambaza. Lakini simu ya dukani haiji na msimbo huo peke yake. Juu yake kuna huduma za Google, ambazo si huria na zina mamlaka makubwa kuliko programu za kawaida, kisha zinafuata programu za kiwanda kilichounda simu, ambazo mara nyingi hazifutiki. Mfumo mbadala wa faragha hujengwa kwa kuuchukua msimbo ule wa msingi na kuziacha tabaka hizo za juu, au kuzinyang'anya mamlaka yake.

Kinachotoka kwenye simu kimeshapimwa. Mwaka 2021 Profesa Douglas Leith wa Trinity College, Dublin, alichunguza simu zilizoachwa bila kuguswa, zikiwa zimewekewa mipangilio ya kutuma kidogo iwezekanavyo. Aliona kwamba Android na iPhone zote huwasiliana na makampuni yake kwa wastani kila baada ya dakika 4.5. Baadaye mwaka huohuo yeye na wenzake walipima simu za Samsung, Xiaomi, Huawei na Realme, pamoja na mifumo mbadala miwili, LineageOS na /e/OS. Ni /e/OS pekee iliyokaa karibu kimya. LineageOS ilituma taarifa nyingi kwa Google kwa sababu ilikuwa imewekewa huduma za Google juu yake. Matokeo hayo yanaonyesha kosa linalofanyika mara nyingi: mtu anabadilisha mfumo, kisha anazirudisha huduma zilezile kwa mamlaka yaleyale, na hali inabaki karibu kama ilivyokuwa. Kwa anayeishi kwa bando la siku, mawasiliano hayo ya kimyakimya yanamla pesa pia.

Hatari nyingine ni kubwa zaidi kwa soko la Afrika. Mwaka 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilitangaza kwamba ilikuta programu hasidi za Triada na xHelper ndani ya simu mpya za Tecno W2, zikiwaandikisha wateja kwenye huduma za kulipia bila wao kujua. Transsion, kampuni mama ya Tecno, ilisema kasoro hiyo iliingizwa na muuzaji asiyefahamika katika mnyororo wa ugavi, na kwamba marekebisho yalikuwa yameshatolewa. Programu iliyofichwa ndani ya mfumo wenyewe haiondoki kwa kuirudisha simu katika hali ya kiwandani, kwa kuwa kiwandani ndiko ilikotoka.

Mifumo mbadala inatofautiana sana. LineageOS, iliyoanza Desemba 2016 baada ya mradi ulioitangulia, CyanogenMod, kufungwa, inaendeshwa na watu wanaojitolea na inakubali simu za aina nyingi. Sifa yake kuu ni kuongeza maisha ya simu iliyotelekezwa na kiwanda. Mradi wa /e/OS, ulioanzishwa na Mfaransa Gaël Duval mwaka 2018, umejengwa juu ya LineageOS na hutumia programu huria iitwayo microG kushika nafasi ya huduma za Google. GrapheneOS, kazi iliyoanzishwa na Daniel Micay mwaka 2014 na kupata jina hilo mwaka 2019, inatanguliza usalama kuliko vitu vingine vyote. CalyxOS ilikuwa njia ya kati, lakini Agosti 2025 ilisimamisha kazi zake kwa muda. Habari hiyo inafaa kuzingatiwa kabla ya kuchagua: mfumo usiopata masasisho ya usalama ni hatari kuliko mfumo wa kiwandani unaoyapata.

Ili kuelewa kwa nini GrapheneOS inakubali simu za Google Pixel tu, inabidi kuelewa butiloda. Hii ni programu ndogo inayoamka kwanza simu inapowashwa, kabla mfumo endeshi haujapakiwa. Kazi yake ni kukagua saini ya mfumo. Kiwanda huutia mfumo saini ya kidijitali. Butiloda huilinganisha na ufunguo uliohifadhiwa ndani ya simu, na mfumo uliochezewa hukataliwa. Ndiyo maana mfumo mwingine hauwezi kuingizwa mpaka butiloda ifunguliwe. Inapofunguliwa, data zote hufutwa. Hatua hiyo imewekwa kwa makusudi, ili aliyeokota au kuiba simu asiweze kupenyeza mfumo wake na kusoma yaliyomo.

Tatizo ni kinachofuata. Katika simu nyingi butiloda ikishafunguliwa hubaki wazi milele, kwa kuwa haiwezi kuutambua mfumo mgeni. Simu ya namna hiyo, hata ikiwa na mfumo safi kiasi gani, inaweza kuchezewa na yeyote atakayeishika kwa dakika chache akiwa na waya wa USB mkononi. Pixel hukubali ufunguo wa mtu mwingine: baada ya mfumo mpya kuingia, butiloda hufungwa tena, na tangu hapo ukaguzi unafanyika kwa ufunguo wa GrapheneOS. Simu ikiwashwa huonyesha onyo la rangi ya njano kwamba mfumo si wa kiwandani, pamoja na alama ya utambulisho wa ufunguo ambayo mwenye simu anaweza kuilinganisha na ile iliyochapishwa na mradi. Kufunga butiloda upya ndiyo hatua inayotenganisha kazi ya faragha na ule ufundi wa kuflashi simu uliozoeleka. Fundi akirudisha simu ikiwa bado wazi, kazi haijaisha.

Kwa hiyo uamuzi mkubwa hufanyika wakati wa kununua. Pixel nyingi zinazofika Kigoma ni za mtumba, na asili yake ina maana. Zilizouzwa awali na kampuni ya Verizon ya Marekani zina butiloda isiyofunguka kabisa, ingawa kwa macho hazitofautiani na nyingine. Njia ya kuzitambua ni kuingia kwenye mipangilio, kugusa namba ya muundo mara 7 ili chaguo za wasanidi zionekane, kuiunganisha simu na intaneti, kisha kuangalia kama chaguo la kufungua OEM linakubali kuwashwa. Likiwa limefifia na halibonyezeki, mnunuzi arudishe simu kwa muuzaji kabla ya kulipa. Umri nao uhesabiwe: Pixel 6 na 7 ziliahidiwa masasisho ya usalama kwa miaka 5, na kuanzia Pixel 8, iliyotoka Oktoba 2023, ahadi ni miaka 7. Pixel 6 ya bei nafuu iliyotoka Oktoba 2021 inafikia mwisho wa ahadi hiyo Oktoba 2026.

Usakinishaji wenyewe ni mwepesi kuliko sifa yake. Kwanza mwenye simu huhifadhi picha na namba mahali pengine. Nakala ya WhatsApp iliyoko Google Drive haitafikika kwenye mfumo usio na huduma za Google, hivyo ile ya ndani ya simu ndiyo ya kuhamishiwa kwenye kompyuta. Kisha mfumo wa kiwandani husasishwa hadi toleo la mwisho, chaguo la kufungua OEM huwashwa, na simu huzimwa na kuwashwa huku kitufe cha kupunguza sauti kimeshikiliwa, ili iingie katika hali ya butiloda. Ukurasa rasmi wa GrapheneOS hufanya yaliyobaki kupitia kivinjari cha jamii ya Chromium: hufungua butiloda, hupakua mfumo, huuandika kwenye simu na kuifunga butiloda tena, na mtumiaji huthibitisha kwa vitufe vya simu yenyewe. Kompyuta si lazima. Simu nyingine ya Android ya kisasa, ikiunganishwa kwa waya mzuri wa USB, inaweza kuifanya kazi hiyo. Faili ya mfumo inazidi GB 1, kwa hiyo mtandao wa Wi-Fi ni bora kuliko bando. Kifaa kinachoendesha kazi kiwe na betri iliyojaa: umeme ukikatika katikati ya uandishi, simu itabaki bila mfumo kamili mpaka kazi irudiwe. Masasisho yanayofuata hayana hofu hiyo, kwa sababu huandikwa kwenye sehemu ya pili ya kumbukumbu huku mfumo unaotumika ukiendelea, na yakishindwa simu hurudi kwenye ule wa zamani. Mfumo huo pia hukubali kuambiwa usipakue masasisho kwa bando.

Lugha haipotei. Tafsiri ya Kiswahili imo katika msimbo wa msingi wa Android, ingawa maelezo ya vipengele vilivyoongezwa na GrapheneOS yenyewe ni ya Kiingereza.

Vipengele hivyo ndivyo faida ya kila siku. Programu yoyote inaweza kunyimwa intaneti kabisa, jambo ambalo mipangilio ya kawaida ya Android hairuhusu. Mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi mwenye namba za wateja wa Kigoma, Bujumbura na Kalemie anaweza kuipa programu fulani namba chache alizozichagua na kuificha orodha iliyobaki. Simu isiyofunguliwa kwa saa 18 hujiwasha upya yenyewe, na data hubaki zimefungwa mpaka neno la siri liingizwe. Huduma za Google, kwa anayezihitaji, husakinishwa kama programu ya kawaida isiyo na mamlaka ya pekee, na zinaweza kufutwa wakati wowote.

Swali linaloulizwa kwanza na watu wengi ni la pesa. M-Pesa, Airtel Money na nyinginezo haziishi ndani ya mfumo wa simu; akaunti imefungamana na laini, na menyu kama *150*00# ya M-Pesa huendeshwa na mtandao wenyewe. Hivyo kutuma, kutoa na kununua umeme kunaendelea kama zamani. Menyu za benki kama *150*66# ya NMB ziko hivyohivyo. Kazi ngumu iko kwenye programu za benki zenye picha na vitufe. Google huzipa njia ya kuuliza kama simu inatumia mfumo ulioidhinishwa, na benki inayoitegemea inaweza kuikataa simu yenye mfumo mbadala hata kama ni salama kuliko nyingi zinazokubaliwa. Ni vyema programu ya benki ijaribiwe mapema, kabla simu ya zamani haijauzwa. Tahadhari nyingine ni chaguo la kuifungia simu kwenye 4G pekee. Kiusalama ni zuri, lakini mahali ambapo sauti na menyu za nyota bado hupita 2G au 3G, kuliwasha ni kujikatia simu na huduma za pesa.

Mipaka ya mfumo mbadala lazima isemwe wazi, maana kuna watu watakaoutegemea kwa mambo mazito. Tangu zoezi la usajili kwa alama za vidole, lililofikia ukomo wake Januari 20, 2020, kila laini hai ya raia Tanzania inabeba jina la mtu na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Simu ikiwa imewashwa, kampuni ya simu inajua iko karibu na mnara upi, iwe Ujiji au Kagunga mpakani, na hakuna mfumo endeshi unaoweza kulizuia hilo. Nani kampigia nani, ujumbe mfupi na miamala ya pesa vyote hubaki katika kumbukumbu za kampuni. Kinachozilinda huko ni sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume iliyoundwa chini yake. GPS ni tofauti na mnara. Kipokezi chake husikiliza tu setelaiti, hakitumi kitu. Mvuvi aliye katikati ya ziwa mwenye ramani iliyohifadhiwa kwenye simu anaweza kujua alipo bila kipokezi hicho kumjulisha mtu mwingine.

Kubadilisha mfumo hakubadilishi IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Namba hiyo, inayoonekana kwa kubonyeza *#06#, ndiyo iliyotumiwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kuzima simu bandia Juni 16, 2016, na kuichezea ni kosa la jinai. Fundi anayejitolea kuibadilisha wakati wa kuflashi aepukwe.

Wengi wa wasomaji wana Tecno, Infinix au itel, na kwa simu hizo mifumo mbadala inayotunzwa rasmi ni nadra mno. Huwekwa mfumo wa jumla usiotengenezwa kwa ajili ya simu husika, butiloda ikabaki wazi na viraka vya usalama vya kiwanda vikakoma. Kwa ajili ya faragha, hasara hapo inazidi faida. Lililo ndani ya uwezo ni kuzima programu za kiwandani zisizotumika, kufuta kitambulisho cha matangazo katika mipangilio ya Google, kunyang'anya ruhusa za mahali na kipaza sauti kwa programu zisizozihitaji, na kuchukua programu huria kutoka duka la F-Droid.

Anayetaka kuuza Pixel yenye mfumo mbadala huirudisha kwanza kwenye mfumo wa kiwandani kwa zana ya Google ya mtandaoni. Butiloda hufunguliwa tena, ufunguo wa GrapheneOS hufutwa, mfumo wa Google huandikwa, kisha butiloda hufungwa. Onyo la njano likitoweka wakati wa kuwasha, simu imerudi kama ilivyotoka kiwandani.