Watano Walipoondoka South Carolina

Mwaka 2023 kikosi cha kwanza cha wasichana wa kikapu wa Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani, kiliondoka chote kwa mpigo. Tena kiliondoka na kidonda kibichi: baada ya kushinda mechi 36 mfululizo, kilitolewa na Chuo Kikuu cha Iowa kwenye nusu fainali ya ubingwa wa vyuo vya Marekani kwa pointi 77 kwa 73, Caitlin Clark wa Iowa akifunga 41 peke yake. Siku kumi baadaye Aliyah Boston akawa mchezaji wa kwanza kuchaguliwa na klabu za WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, mwaka huo, na wenzake wanne wa timu hiyo wakachukuliwa pia.

Msimu mpya ulipokaribia, orodha ya ubora ya shirika la habari la Associated Press, inayotokana na kura, iliiweka South Carolina nafasi ya sita. Naamini waliopiga kura waliwahesabu zaidi walioondoka kuliko waliobaki. Kocha Dawn Staley, aliyeanza kazi hapo mwaka 2008, hakuwa na desturi ya kuwachosha nyota wake kwa dakika zote 40, hivyo waliobaki nao walikuwa wameshacheza. Kamilla Cardoso, Mbrazili wa mita 2.01, alikuwa ameshapata tuzo ya mchezaji bora wa akiba katika ligi yao ya SEC, huku akimsubiri Boston ampishe nafasi. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwita mgeni.

Wageni walikuwepo, lakini wachache. Te-Hina Paopao alihamia kutoka Oregon na mkono wake wa pointi tatu. MiLaysia Fulwiley, mtoto wa Columbia palepale chuo kilipo, alikuwa mwaka wa kwanza. Katika mechi ya ufunguzi jijini Paris, Novemba 2023, aliukokota mpira uwanja mzima, akauzungusha nyuma ya mgongo mbele ya beki na kufunga. Notre Dame ilichapwa 100 kwa 71.

Aliyenigusa zaidi, hata hivyo, ni Raven Johnson. Kwenye ile nusu fainali ya 2023 Clark alimwacha nje ya mstari wa pointi tatu bila kumkaba, akampungia mkono kana kwamba hana madhara. Picha hizo zilisambaa kila mahali. Johnson mwenyewe alisema baadaye kwamba nusura aache mpira. Badala yake alirudi mazoezini kurusha, akapewa jukumu la kuiongoza timu uwanjani.

Msimu huo walishinda kila mechi hadi fainali, ingawa si zote kwa raha. Dhidi ya Tennessee, nusu fainali ya SEC, walikuwa nyuma kwa pointi mbili zikiwa zimebaki sekunde chache. Mpira ukamfikia Cardoso mbali na kikapu. Hakuwa amewahi kufunga pointi tatu katika maisha yake ya chuo. Akarusha, ukagonga ubao na kuingia: 74 kwa 73.

Aprili 7, 2024, Cleveland, fainali, na mpinzani ni Iowa ileile. Clark alifunga 18 katika robo ya kwanza. Kisha Raven Johnson akamganda. Kabla ya mapumziko alimpokonya mpira mkononi na kwenda kufunga. Hakupata pointi nyingi usiku ule, lakini kazi yake ilionekana. Tessa Johnson wa mwaka wa kwanza alitoka benchi na kufunga 19. Wachezaji wa akiba wa South Carolina walifunga 37, wa Iowa sifuri. Matokeo: 87 kwa 75, mechi 38 bila kipigo.

Cardoso akaenda Chicago Sky ya WNBA. Mwaka uliofuata South Carolina ilifika tena fainali, ikafungwa na chuo cha UConn. Baada ya hapo Fulwiley, aliyekuwa bado akitokea benchi mara nyingi, alihamia chuo cha LSU, wapinzani wao wakubwa, akiwa amebakiza miaka miwili ya kucheza. Siku hizi kocha wa chuo anaziba mapengo ya wanaohitimu, na papo hapo anawabembeleza walio benchi wakubali kungoja.