Gesti za Bei Nafuu Malindi na Kilifi

Gesti nyingi za bei nafuu mjini Malindi na Kilifi ziko karibu na soko na steji ya matatu, si ufuoni. Kinachookolewa kwenye chumba huliwa kidogokidogo na nauli ya tuktuk. Shida kubwa zaidi ni joto: kaskazi ya Desemba hadi Machi huja na watalii na usiku wa jasho, na umeme ukikatika feni haifai kitu. Chandarua kizima kina thamani kuliko televisheni. Lakini faida ipo: mahamri na mbaazi kwa bei ya wenyeji, na pesa zinazobaki kwa kiingilio cha magofu ya Gede. Kabla ya kulipa, mgeni aombe kuona chumba, afungue bomba, ajaribu kitasa.