Vita vya Masisi (4): Askari wasio na daftari

Redio zetu zingali zinazungumzia mkataba wa Doha, ule ambao serikali na AFC/M23 walitia saini Novemba 2025, na mjini Kitshanga watu wanauliza Wazalendo, wapiganaji wa kujitolea wa upande wa serikali, watapelekwa wapi. Kabla ya kufika huko, msomaji anivumilie turudi kwanza Lukweti.

PARECO, ule muungano wa makundi ya Mai-Mai, tulishaieleza. Mwaka 2008 Janvier Karairi alijitenga nayo, akaunda APCLS yenye makao Lukweti, wapiganaji wake wengi wakiwa vijana wa Kihunde waliokuja kwa hiari. Hakuna aliyewaandikisha wala kuwalipa mshahara. Sheria zao walizipata kwa docta, yule mwenye dawa: kabla ya vita usiibe, usimguse mwanamke, la sivyo maji uliyonyunyiziwa hayakukingi na risasi. Wacheke wanaotaka kucheka. Mimi naona ile ilikuwa nidhamu ya kijeshi, na siku vijana walipoanza kutoza watu barabarani ndipo walipoivunja.

Machi 2009 waasi wa CNDP na makundi mengine walipokubali kuingia jeshini, Karairi alibaki msituni. Hakutaka watu wake wawe chini ya makamanda waliotoka CNDP. Basi angalieni mambo ya dunia! M23 walipozuka mwaka 2012, serikali ile ile ikamhitaji. Vijana wakashuka Kitshanga wakingoja kuvikwa kombati za FARDC, jeshi la serikali, na mji huo ulikuwa na Regimenti ya 812, iliyojaa askari wa zamani wa CNDP. Nani hakuliona lile likija? Februari 27, 2013 risasi zikaanza kulia kati yao na regimenti hiyo. Siku chache baadaye katikati ya mji palikuwa majivu na mabati yaliyokunjamana, makumi ya raia wameuawa, maelfu wamekimbilia kambi ya MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa.

Jeshi lina daftari la askari wake. Waliojitolea hawana, kwa hiyo mjane wa mpiganaji hana karatasi ya kudai chochote, na aliyechomewa nyumba hana jina la kumshtaki. Sheria ya jeshi la akiba ya 2023, inayowahusu watu wa kujitolea kama hawa, ingeanzia hapo: jina, kijiji, kamanda, silaha.

Nafasi imenibana. Kitshanga iliangukia mikononi mwa M23 Januari 2023. Oktoba mwaka huo Wazalendo wakaingia, wakatolewa tena. Doha hawakuwa miongoni mwa waliotia saini. Sehemu ya tano itaanzia Pinga, kwenye makubaliano ya makundi ya wapiganaji ya Mei 2022.