Chaja ya betri ya boti: usiangalie bei peke yake



Mwaka jana nilitoka na kaka yangu kuvua usiku, nje ya mlango wa Kilindini. Boti yake ni ya faiba na mashine inavutwa kwa kamba, kwa hivyo kazi ya betri ni taa, redio na GPS. Kabla ya saa sita taa zikaanza kufifia, kisha giza tupu. Na pale ni njia ya meli. Meli ya makasha ilikuwa yaja, na sisi hatuonekani. Nikawa namulika kwa tochi ya simu huku yeye akivuta kamba mara moja, mbili, nne. Mashine ikawaka, tukajitoa njiani. Kaka hakunisemesha mpaka tukafika nchi kavu, maana aliyemnunulia chaja ni mimi.

Fundi alifungua vifuniko vya ile betri, akatazama ndani akacheka. "Hii umeipika, sheikh."

Chaja niliyonunua ilikuwa ya bei rahisi, ya zile za gereji. Ukiiwasha inasukuma stima mpaka uizime mwenyewe. Tulikuwa tukiichomeka baada ya Isha na kuichomoa baada ya Alfajiri. Betri ikishajaa haina pa kuiweka stima zaidi, basi ile inayoendelea kuingia inageuza maji ya betri kuwa gesi. Maji yanashuka, sahani zinabaki wazi, zinaharibika. Betri inaonekana nzima, lakini ukiipa kazi ya usiku inakata.

Chaja inayofaa ni ile inayojua kupunguza. Kwa betri ya volti 12 ya maji, inasukuma kwa nguvu mpaka kiasi cha volti 14.4, inashikilia hapo huku ampea zikishuka, kisha inateremka kwenye 13.5 hivi, ya kuitunza tu. Sisi wa Pwani tuna la ziada: joto. Vipimo hivyo ni vya nyuzi 25. Chumba kikiwa nyuzi 35, betri inataka pungufu ya volti 0.2 au 0.3. Zipo chaja zenye kipima joto zinazojirekebisha zenyewe, na ukiweza kuipata hiyo, ongeza pesa uichukue.

Halafu ujue betri yako ni ya aina gani. Ya jeli haitaki kupita volti 14.1 hivi. Ya lithiamu iwe na chaja yenye mpangilio wa lithiamu. Zile chaja zenye hatua ya "kufufua" betri hupanda kupita volti 15, na hapo lithiamu unaiumiza. Muuza duka akikwambia "hii yachaji zote", mwambie akuonyeshe palipoandikwa.

Ukubwa wake si mgumu. Betri ya maji ya Ah 100 inatosheka na chaja ya ampea 10 mpaka 20. Ikiwa imetumika nusu, hesabu ya ampea 10 inakupa saa tano, lakini sehemu ya mwisho huingia polepole, kwa hivyo weka saba au nane. Chaja ya ampea 2 kwa mtu anayetoka kila jioni ni kujidanganya.

Jambo ambalo kwenye boksi halielezwi sana: stima ikipotea na kurudi, chaja itaendelea yenyewe au itangoja ubonyeze kitufe? Kwetu stima hukatika usiku nawe umelala. Ijaribu pale pale dukani, chomoa uchomeke tena.

Je, lazima iwe chaja ya boti hasa, isiyoingia maji? Mimi nasema si lazima. Wengi wetu tunabeba betri nyumbani, na chaja nzuri ya kawaida inatosha. Lakini ikiwa unaifunga chomboni na kuchaji gatini, hapo usibane matumizi: nunua iliyozibwa dhidi ya maji, na uweke fyuzi karibu na betri. Chumvi haina huruma na waya.

Nyumbani, usichajie jikoni wala chumba cha kulala. Ile gesi ni haidrojeni, cheche moja ya jiko yatosha. Unapomaliza, zima kwenye soketi kwanza ndipo utoe vibanio. Na betri ya maji ijazwe maji safi ya kuuzwa, yasiyo na madini. Ya kisima, tena visima vyetu hivi vya chumvi, hapana.

Kaka sasa ana mita ndogo. Alasiri, betri ikiwa imetulia saa kadhaa nje ya chaja, anaipima kabla ya kupakia barafu. Ikisoma 12.7 imejaa. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na siku hiyo hatoki.