Bukavu: unamchagua mtu, lakini kiti kinatafutwa kwa hesabu ya orodha

Muulize mkaaji wa Kadutu ni nani alimpigia kura ya ubunge mwezi wa Desemba 2023, atakutajia jina mara moja. Muulize sasa mgombea huyo alikuwa kwenye orodha ya chama gani, ao ya muungano gani: wengi watakuna kichwa. Si ujinga. Mbele ya mashini ya CENI, mpiga kura aliona picha, akagusa sura anayoijua: mwalimu wake wa zamani, mfanyabiashara wa soko, mtoto wa kwao Walungu ao Kabare.

Lakini sheria ya uchaguzi ya Kongo inahesabu orodha kwanza, mtu baadaye. Kura zote za eneo zinagawanywa kwa idadi ya viti, na namba inayotoka ndiyo bei ya kiti kimoja. Orodha inapata kiti kila mara inapofikia bei hiyo. Viti vinavyobaki vinaenda kwa orodha zenye masalio makubwa. Ni hapo mchezo wa vyama unapoanzia.

Tuchukue mfano wa kujitungia: eneo lenye viti vitano na kura 500 000. Bei ya kiti ni 100 000. Chama kikubwa kinapata kura 210 000, wengine wanne wanapata 90 000, 60 000, 55 000 na 50 000, wa mwisho 35 000. Chama kikubwa kinachukua viti viwili na kubaki na salio la 10 000 tu. Viti vitatu vingine vinaenda kwa wale wa 90 000, 60 000 na 55 000.

Sasa wakubwa wa chama hicho wanajigawa kwa orodha tatu zenye majina tofauti, kila moja ikipata kura 70 000. Hakuna orodha inayofikia bei, kwa hiyo viti vyote vitano vinaenda kwa masalio: mmoja kwa wale wa 90 000, vitatu kwa orodha tatu ndugu, kimoja kwa wale wa 60 000. Kura ni zile zile 210 000, lakini viti vimetoka viwili na kuwa vitatu. Rudia hesabu kwenye karatasi kama huamini. Mimi nilirudia mara mbili.

Ndiyo sababu ya vyama wanavyoita « mozaiki », vile vidogo vinavyozaliwa kando ya chama mama miezi michache mbele ya uchaguzi. Watu wengi wanaamini vinazaliwa kwa tamaa ya vyeo tu. Tamaa ipo, lakini hesabu yenyewe inalipa anayejigawa. Mwaka 2023 nchi ilikuwa na vyama zaidi ya 900 vilivyoandikishwa.

Mfaransa Maurice Duverger, katika kitabu chake cha 1951 juu ya vyama vya siasa, alieleza kwamba uchaguzi wa duru moja unasukuma nchi kuelekea vyama viwili vikubwa, kwa sababu mtu anaogopa kupoteza kura kwa mgombea asiye na nafasi. Kongo iliacha duru ya pili ya uraisi mwezi wa Januari 2011. Wagombea uraisi walikuwa 11 mwaka huo, 21 mwaka 2018, na 26 kwenye orodha ya 2023. Je, Duverger alikosea? Kwa upande wa wagombea, ndiyo. Kwa upande wa wapiga kura, sivyo sana.

Angalia Bukavu. Mwaka 2006, katika duru ya pili, Kivu ya Kusini ilimpa Joseph Kabila zaidi ya asilimia 95 dhidi ya Jean-Pierre Bemba. Mashariki inayosema Kiswahili ilikuwa imetoka vitani na ilipigia amani. Mwaka 2011, Vital Kamerhe, mtoto wa huku aliyeacha uspika wa Bunge mwaka 2009 na kuanzisha UNC, alipata asilimia 7,74 nchini kote, na Kivu ilikuwa ngome yake. Kwa hiyo kura ya kwetu iliweza kuhama.

Lakini 2023 inatia uchungu zaidi. Daktari Denis Mukwege, mwenye tuzo ya Nobel ya amani ya 2018, mtu anayejulikana toka Panzi hadi Oslo, alipata asilimia 0,22 nchini kote. Kuheshimiwa ni jambo moja. Kuwa na mashahidi kwenye vituo vya kura, kuwa na orodha za wabunge wanaolitaja jina lako kila kijiji, ni jambo lingine. Na mwenye kumpenda daktari anaweza pia kujiuliza: akishindwa, kura yangu itafanya nini? Hapo Duverger anarudi.

Si jambo geni. CEREA, chama kilichoanzishwa Bukavu mwaka 1958 na kuongozwa na Anicet Kashamura, kilipata viti 10 kwenye uchaguzi wa 1960, na mwaka huo huo kikaanza kuvunjika kwa mabawa.

Mwaka 2017 Bunge liliweka kizingiti: orodha isiyofikisha asilimia 1 ya kura zote za nchi haipati kiti cha ubunge wa taifa. Kwa kura karibu milioni 18 za 2023, hiyo ni karibu 180 000. Mgombea anaweza kuwa wa kwanza Bukavu na kubaki nyumbani, kwa sababu orodha yake ilikuwa dhaifu Kasaï na Bandundu. Kwa ubunge wa jimbo kizingiti ni asilimia 3 ya jimbo, kwa madiwani wa komini asilimia 10. Kwa hiyo mozaiki wanaungana tena, siku chache mbele ya kuandikisha orodha, na wapiga kura hawaelezwi ni nani kaungana na nani.

Kuna hesabu nyingine inayotusumbua. Mwezi wa Machi 2019, Beni na Butembo walipiga kura za wabunge wakati raisi alikuwa tayari ameapishwa. Mwezi wa Desemba 2023, Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kwa sababu ya vita. Tangu Februari 2025, Bukavu iko mikononi mwa AFC/M23, na Katiba inaweka uchaguzi ujao mwaka 2028. Kama siku hiyo Bukavu haitapiga kura, tutakosa wabunge wetu, na zaidi ya hapo orodha zenye mizizi huku zitatafuta asilimia 1 yao bila kura za Ibanda, Kadutu na Bagira.